Nafasi Mlangoni

Iskanderia, 9 Februari 1997

Dada Ikram,

Dhumuni la barua hii si kukujulia hali, maana hali yako naijua: umenikasirikia. Tangu Krismasi nimekupigia simu mara nne, na mara tatu za kwanza umekata ulipoisikia sauti yangu. Mara ya mwisho alipokea shemeji Adli. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye chumba cha mgonjwa, "Mwandikie, Ragai. Anasema kwenye simu unaongopa vizuri mno." Basi naandika.

Nasikia arobaini ya mama mliifanya vizuri na kasisi akalitaja jina lake. Siku hiyo nilikuwa hapa karakanani napaka rangi kibao cha kinyozi. Nilikiharibu mara mbili, kinyozi akaja akakichukua vilevile.

Ile simu yako ya Alhamisi siikumbuki, dada. Nimejitahidi sana. Uliponiambia siku ile ya Jumatatu kwamba ulinipigia saa ile ile mama alipokata roho, na kwamba nilikujibu "nakuja sasa hivi", nilitamani ardhi inimeze. Mtoto wake wa kiume ni mimi peke yangu. Siku tatu nzima za matanga watu wa Minya walipita mlangoni na hawakumkuta mwana wa marehemu wa kumpa mkono. Ulisema mjomba Nashid alisimama mahali pangu. Jambo hilo hunijia kila asubuhi kabla sijaanza kunywa, na ndiyo sababu naanza mapema.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kumbukumbu ya mwaka itakapofika Novemba, niache nisimame mlangoni.

Mdogo wako,
Ragai


Minya, 16 Februari 1997

Ragai,

Barua yako imefika. Kabla ya kuisoma niliiweka mezani nikaitazama tu. Wewe uliandika vibao vya nusu ya maduka ya mji huu ukiwa na miaka kumi na tisa. Kibao cha duka la vitambaa la Hanna mpaka leo watu wanasimama kukiangalia. Sasa mistari yako inateremka upande mmoja, na herufi zinagongana kama watu waliosukumwa. Ndiyo maana nataka uandike. Ulimi wako umezoea uongo, lakini mkono wako bado haujajifunza.

Unataka kusimama mlangoni. Mara ngapi nimesikia unataka? Kwenye harusi ya Marcelle binti yangu ulitaka kutoa hotuba, ukaangukia meza ya peremende mbele ya wakwe. Mwaka juzi ulitaka kumpeleka mama hospitali ya macho, akakungoja kituo cha treni toka asubuhi mpaka adhuhuri, na viatu vyake vya kanisani miguuni. Alirudi akasema treni ndiyo iliyochelewa. Mama huyo, mpaka anaingia kaburini alikuwa anakutetea.

Sasa sikiliza. Daktari anayewatibu watoto wetu ana ndugu yake huko Iskanderia aliyekuwa mlevi kukushinda, na sasa ana miaka saba hajagusa. Kuna kikundi cha watu walioacha pombe, wanakutana na kusaidiana. Nimeandika hapa chini kama alivyonisomea: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, mtaa wa Ibrahimia, ukumbi ulio nyuma ya kanisa, ingia kwa mlango wa kijani. Hawakuulizi jina la ukoo. Wapo Wakristo na wapo Waislamu, na hakuna anayekuhubiria.

Masharti yangu ni haya. Ukikaa bila kunywa mpaka Novemba, utasimama mlangoni na mimi mwenyewe nitakunyooshea koti. Ukinywa hata tone, baki huko huko. Sitaki mama aaibishwe mara mbili.

Ikram


Iskanderia, 1 Machi 1997

Dada Ikram,

Nimekwenda.

Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliandika hapa, nione kama mkono utakubali. Juzi Alhamisi nilinyoa, nikavaa lile koti la kijivu, nikaenda Ibrahimia. Nilizunguka kanisa mara mbili nikijifanya natafuta duka la dawa. Halafu nikauona mlango wa kijani, uko wazi.

Ni ukumbi wa kawaida. Viti vimepangwa ukutani, wanaume huku na wanawake kule, wengi wao wamevaa nyeusi. Watu wametulia sana. Nilidhani nitakuta kelele, au mtu amesimama anagombeza, lakini hakuna aliyenyanyua sauti. Walinipa mkono mmoja mmoja. Mzee mmoja alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaniangalia usoni kama anayenifahamu. Kasisi alisema maneno machache kuhusu subira. Mhudumu wa kanisa alipita na sinia ya kahawa isiyo na sukari, kila mtu akanywa yake kimya kimya.

Hakuna aliyeniuliza nanywa kiasi gani. Nilikaa mpaka mwisho, dada. Nililia kidogo na hakuna aliyeshangaa. Nilipotoka nilijihisi mwepesi, sijawahi kujihisi hivyo tangu mwaka jana.

Mungu akulipe kwa anwani hiyo.

Ragai


Minya, 7 Machi 1997

Ragai,

Wewe ni punda.

Nimeisoma barua yako jikoni na Adli akadhani nimechanganyikiwa, maana nilianza kucheka na nikamaliza nalia. Wanaume huku, wanawake kule, nguo nyeusi, na kahawa isiyo na sukari? Ni nani aliyekufa?

Ungekuwa Mwingereza ningekusamehe. Lakini wewe umezaliwa Minya, umekunywa kahawa chungu katika matanga ya ukoo mzima tangu hujaota ndevu. Huwezi kukaa saa nzima msibani ukadhani ni kikao cha walevi. Ama ulikwenda umekunywa, ama unanificha kitu.

Nimemuuliza daktari. Ndugu yake anasema Alhamisi ile ukumbi walipewa wafiwa, na kikundi kikapanda ghorofani, kwenye darasa la shule ya Jumapili. Na anasema wao hunywa chai, vijiko vinne vya sukari kila kikombe, na wanacheka kupita kiasi.

Niambie kweli.

Ikram


Iskanderia, 14 Machi 1997

Dada,

Vyote viwili. Nilikwenda nimekunywa, na nakuficha kitu.

Nilikunywa glasi mbili za brandi nipate moyo wa kuingia. Mlangoni mtu wa kwanza alinipa mkono akasema, "Umri uliobaki uwe wako." Pale pale nilijua ni matanga. Ningegeuka niondoke. Lakini tayari mkono wa pili ulikuwa umenyooshwa, na wa tatu, na nikawa ndani.

Marehemu anaitwa Fahim, alikuwa karani wa posta, amestaafu zamani. Mtoto wake wa kiume ni mmoja tu, yuko Kanada, hakuwahi ndege. Wafiwa wanaume walikuwa wawili tu: shemeji wa marehemu, mzee wa fimbo, na kijana wa mkono mmoja ambaye ni jirani. Yule mzee ndiye aliyenishika mkono muda mrefu. Akaniuliza, "Wewe ni wa kwao kina Fahim?" Nikaitikia. Sijui kwa nini niliitikia, dada. Akasema, "Basi njoo usimame na mimi hapa, mwanangu. Miguu yangu imekwisha."

Nikasimama. Saa nzima na nusu nilisimama mlangoni kwa mtu nisiyemjua. Watu walikuja wakanipa mkono na mimi nikawajibu vile inavyojibiwa. Nilikuwa nanuka brandi na hakuna hata mmoja aliyeuvuta mkono wake. Kila aliyeingia nilimwona ni mtu wa Minya: huyu ni mwalimu Sobhi, yule ni mke wa mwokaji. Nikaanza kulia na sikuweza kunyamaza. Wakadhani nilimpenda Fahim mno. Mjane alimtuma mtu aniambie kwamba mumewe hakuwahi kunitaja, lakini anashukuru alikuwa na rafiki wa kweli.

Nimeona aibu nyingi maishani mwangu, na hiyo naiweka ya kwanza. Nilimpa mgeni kile ambacho mama yangu alinyimwa.

Sasa sikiliza habari ya jana. Nilirudi Ibrahimia na sikunywa kitu tangu asubuhi, mikono inacheza mpaka kitasa kikanishinda. Nikapanda ngazi. Darasa la watoto, picha ya safina ya Nuhu ukutani, na viti ni vile vya watoto wa miaka sita. Walevi kumi na mmoja wameketi, magoti yamefika kidevuni. Mwuza nyama mmoja mkubwa kama kabati, anaitwa Bushra, alinipa chai tamu ya kuumiza meno, akakishika kikombe pamoja na mimi kisimwagike.

Ilipofika zamu yangu nikasema, "Mimi ni Ragai, na mimi ni mlevi. Alhamisi ya kabla ya iliyopita nilikuja hapa, nikamzika Fahim." Nikawasimulia yote. Walicheka mpaka Bushra akaanguka na kiti chake. Mimi pia nilicheka. Halafu mwanamke mmoja wa makamo akasema polepole, "Mimi mama yangu nilimzika nimelewa. Nilikuwepo, lakini sikumbuki."

Leo ni siku ya pili.

Ragai


Minya, 2 Julai 1997

Ragai mdogo wangu,

Barua zako nazipanga mezani kwa tarehe, kuanzia Machi, kisha namwita Adli aje aone. Mistari inapanda wiki hadi wiki. Ya mwisho imenyooka kabisa. Zaidi ya siku mia sasa! Sikujua kama nitaishi kuandika sentensi hiyo.

Nakutumia dele la kahawa la mama, lile dogo la shaba lenye mpini uliofungwa uzi. Nilikuwa nimelificha nisije nikakupa. Siku yake ya mwisho aliomba kahawa. Nilipotaka kumpikia akakataa, akasema, "Ngoja Ragai. Yeye haiachi ikamwagika." Nimeona ni haki yako kulijua neno hilo.

Nitaliweka koti lako tayari.

Dada yako,
Ikram


Minya, 9 Agosti 1997

Ragai,

Wiki tano. Dele lilifika? Nipigie hata simu, nitapokea.

Ikram


Iskanderia, 21 Septemba 1997

Dada Ikram,

Dele lilifika. Nililiosha kwa limau na chumvi kama alivyokuwa akifanya mama, nikapika kahawa. Nikawa nimesimama pale jikoni nayasoma tena maneno yake, "Ngoja Ragai." Kahawa ikachemka ikamwagika jiko zima. Nikatoka kwenda kununua kahawa nyingine, na nilichorudi nacho ni chupa.

Siku kumi na nne. Sitakusimulia.

Bushra alikuja karakanani, hakunigombeza. Aliosha vikombe, akafuta jiko, akalining'iniza dele kwenye msumari. Kisha akaniambia, "Twende, wanakungoja kwenye vile viti vidogo." Nilimwambia naona haya kuanza upya. Akasema yeye ameanza mara tisa, na kwamba haya ni jambo la watu ambao hawajaanguka na kiti mbele ya wenzao.

Tangu tarehe 27 Julai sijagusa. Leo ni siku ya hamsini na saba. Ningeweza kukuficha, dada. Tazama mwandiko, umetulia, usingejua kabisa. Ndiyo maana nimeona lazima nikuambie. Nimechoka kuwa mtu ambaye ukweli wake unatafutwa kwenye mstari uliopinda.

Masharti yako nayakumbuka. Nilikunywa, na zaidi ya tone. Sitasimama mlangoni. Kama utaruhusu niketi nyuma, kwenye kiti cha mwisho, nitashukuru. Kama hutaruhusu, siku hiyo nitawasha mshumaa hapa Ibrahimia.

Makosa si ya dele. Usijilaumu.

Ragai


Minya, 5 Oktoba 1997

Ragai,

Umeniambia nisijilaumu, na tangu niisome barua yako sijapata usingizi. Nimeanza kukuandikia mara sita. Adli ameniambia nisipoandika leo ataandika yeye.

Sikukupigia simu ile Alhamisi.

Niliinua simu. Mama alikuwa bado wa moto. Nikazungusha namba ya Iskanderia, na kabla haijaita nikaiona meza ya peremende, na wewe juu yake, na uso wa mama akiwa anakuinua. Nikasema moyoni, si leo, si mbele ya jeneza lake. Nikaiweka simu chini. Ijumaa tukamzika. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tukakaa matanga. Nikakupigia Jumatatu, kila kitu kimekwisha na viti vimerudishwa kanisani.

Ukaniuliza kwa nini sikukuambia. Nilikuwa nimechoka, nina hasira, nikakujibu, "Nilikuambia Alhamisi. Ulisema unakuja, kisha ukasahau." Hukubisha hata kidogo, Ragai. Uliamini papo hapo, na namna ulivyoamini upesi ndiyo iliyonitisha. Nilijua nimeweka mkono kwenye kidonda, na badala ya kuutoa nikauacha pale kwa miezi kumi na moja. Kila barua uliyoleta ilisema "siikumbuki ile simu", na kila mara nilijiambia, afadhali aamini hivyo, huenda ndiyo itamfanya aache.

Hukusahau. Hakukuwa na cha kusahau.

Na mjomba Nashid hakusimama mahali pako. Alisimama jioni ya kwanza kidogo, kisha akaketi, kila mtu akamwachia mwenzake. Nilipoona watu wanaingia na mlango ni mtupu, nikatoka upande wa wanawake nikasimama mimi. Siku zote tatu. Wapo waliopita bila kunipa mkono. Waliouliza habari zako niliwaambia uko Kuwait, umekosa ndege.

Nilikunyima mama yako kwa kuogopa maneno ya watu, halafu maneno nikayapata vilevile. Wewe umenipa masharti gani? Hukunipa. Mimi ndiye niliyekaa huku nakagua mwandiko wako kama mwalimu mkuu, na uongo mkubwa kuliko wote nimeuandika mimi.

Sina masharti tena. Njoo, usije, simama, keti. Lakini ukisoma barua hii, nakuomba, isome ukiwa na watu.

Dada yako,
Ikram


Iskanderia, 2 Novemba 1997

Dada,

Nimekuweka karibu mwezi bila jibu, na najua umedhani nini. Sikunywa.

Niliifungua barua yako kwenye ngazi za Ibrahimia, nikiwa napanda. Nilipofika sentensi ile ya simu nikaketi pale pale. Bushra alinikuta, akanivuta mpaka darasani, nikaisoma kwa sauti mbele ya wote. Hakuna aliyecheka safari hii.

Wiki ya kwanza nilitaka kuja Minya kukutukana. Ya pili nilitaka chupa, na nilijua nina sababu ambayo kila mtu angeikubali, na ndiyo maana niliiogopa. Ya tatu nilikaa tu. Nilitaka kwanza nione kama naweza kukukasirikia nikiwa sijalewa. Naweza. Nimekukasirikia sana, Ikram. Nilimlilia mama kwenye matanga ya Fahim kwa sababu matanga yake yalikuwa yamenipita, na kumbe wewe ndiye uliyekuwa umenifungia mlango.

Na jambo jingine ni hili, nalo linaniuma zaidi. Kama ungenipigia Alhamisi ile, ningekuja nimelewa. Ningeanguka. Nimejaribu kulihesabu upande wangu kila namna, na kila mara naanguka. Siku ile ilikuwa imeshapotea kabla hujainua simu, na aliyeipoteza ni mimi. Mambo haya mawili yote ni ya kweli, na sijui niyapange vipi.

Nakuja na treni ya tarehe 12. Bado nina hasira, usinipikie bata.

Nitasimama mlangoni kushoto. Kulia simama wewe. Wewe una siku tatu za kusimama kwa ajili ya mama, na mimi nina saa moja na nusu kwa ajili ya karani wa posta, kwa hiyo wewe ndiye mkubwa. Mjomba Nashid akisema mwanamke hasimami pale, mwache aseme akiwa ameketi. Na wakiniuliza habari za Kuwait, nitawaambia sijawahi kufika.

Dele nakuja nalo. Nitapika mwenyewe, na sitaliondolea macho.

Mdogo wako,
Ragai

Najua utaitandaza barua hii mezani kabla ya kuisoma. Mkono umetetemeka mahali pamoja tu, pale nilipoandika kulia simama wewe. Hiyo si pombe, dada.